Tundu Tano Si Saizi

Mwangaluka ndugu zangu. Mmeitikia taratibu sana, nadhani ni joto la haya mabati ya Nyakato. Vumilieni kidogo, sitawachosha.

Nimeweka rimu mbili hapa mezani. Kijana uliyekaa mbele, hii ya kwanza ni ya gari gani? RAV4. Umejuaje? Ina tundu tano. Sawa. Na hii ya pili? Nayo ina tundu tano. Kwa hiyo nayo ni ya RAV4? Mnacheka, lakini mjini hapa rimu tunazinunua hivyohivyo. Mtu anahesabu matundu, anatazama kama zinang'aa, anapatana bei, anapakia kwenye bajaji.

Hizi mbili haziingiliani. Ya kwanza ni 5x114.3. Ya pili ni 5x100, imetoka kwenye Forester. Namba ya mbele ni idadi ya stadi, zile bolti zinazochomoza kwenye habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu linafungwa. Namba ya nyuma ndiyo mafundi tunayoiita PCD: chukua duara linalopita katikati ya stadi zote, upana wake kutoka huku hadi kule, kwa milimita. Mtu akiniuliza mbona Mjapani ana namba ya ajabu kama 114.3, namwambia ni inchi nne na nusu. Na ile 139.7 ya Prado ni inchi tano na nusu. Inchi zilishatangulia, milimita zikaja kuzikuta.

Sasa kupima. Gari ya stadi sita haina shida: stadi mbili zinatazamana, unapima katikati hadi katikati, umemaliza. Prado ikikupa 139.7, ni yenyewe. Ugumu uko kwenye tano, kwa sababu hakuna stadi inayomtazama mwenzake. Nimeona mafundi wakirusha tepu kutoka stadi moja hadi ile ya mbali upande wa pili, wanapata 108 na ushee, wanaanza kuitafuta gari yenye PCD ya 108. Hiyo ni RAV4 yako ileile, umeipima vibaya.

Fanya hivi. Pima stadi mbili zilizo jirani, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.701. Kama katikati huioni vizuri, pima ukingo wa kushoto wa stadi hii hadi ukingo wa kushoto wa ile. Jibu ni moja. Ukipata 67.2, gari ni 114.3. Ukipata 58.8, ni 100. Ukipata 88 hivi, umesimama mbele ya Land Cruiser 100 au 200, ambazo ni 5x150. Na tumia vernia, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma hadi visehemu vya milimita, si tepu ya fundi cherehani. Sababu yake nitaisema sasa hivi, maana iliniumiza mimi mwenyewe.

Nilikuwa na RAV4 nyeupe. Nikaona rimu za Mercedes, nzuri, nikamuuliza muuzaji zinaingia? Akaapa. Na kweli ziliingia! Hapo ndipo penye balaa. Rimu zile zilikuwa 5x112. Ukipima stadi jirani kwenye 112 unapata 65.8, kwenye 114.3 unapata 67.2. Tofauti ni milimita moja na kidogo, tepu haiioni. Nati mbili za kwanza zilikwenda laini, ya tatu ikagoma kidogo, nikaikalia na spana. Nikajisemea, chuma na chuma, vitazoeana.

Siku ya pili nikaondoka Kirumba kwenda Sengerema. Enzi hizo daraja la Kigongo hadi Busisi bado, tulikuwa tunavuka na kivuko. Nikapita Usagara, nikaanza kusikia usukani unatetemeka. Nikasingizia barabara. Nikasingizia alaimenti. Karibu na Kigongo mtetemo ukashuka hadi kwenye kiti, nikasimama. Nikashika nati ya gurudumu la mbele kushoto kwa vidole, ikazunguka. Kwa vidole! Ya pili nayo. Stadi ya tatu ilikuwa imekatika, na tundu lake kwenye rimu limeshakuwa yai.

Kilichotokea ni hiki. Kila stadi ilikuwa imetoka nje ya katikati ya tundu lake kwa milimita 1.15. Nati ya koni, yaani yenye ncha iliyochongoka, inataka kukaa pande zote kwenye kitako chake, ule mdomo wa tundu la rimu; mimi niliilaza upande mmoja. Ukikaza unasikia imebana, kumbe umepinda stadi tu. Barabara ikitikisa, kitako kinajisaga, nati inalegea. Na tundu la kati la rimu zile lilikuwa 66.6 wakati habu ya RAV4 ni 60.1, kwa hiyo hata habu haikubeba chochote. Ndiyo maana rimu iliyokataa kabisa siiogopi, itarudi dukani. Naiogopa ile iliyokubali nusu.

Hilo tundu la kati lipimeni pia. Likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii, limekwisha. Likiwa kubwa, PCD ikiwa sahihi, zipo pete za kujazia, weka. Kuna jambo la nati ambalo wengi tunalipuuza: Toyota nyingi zina stadi ya milimita 12 yenye nyuzi za 1.5, yaani milimita kutoka uzi hadi uzi; Nissan, Subaru na Suzuki ni 12 hiyohiyo lakini nyuzi ni 1.25. Nati ya Toyota ikipelekwa kwenye Nissan X-Trail inashika mizunguko miwili mitatu, halafu inakwama, na kijana anadhani imekazwa. Nati izungushwe kwa mkono hadi karibu na mwisho. Ikigoma mkononi, usiilazimishe na spana. Na nati za rimu halisi za Toyota, zile zenye washa bapa, hazifai kwenye rimu isiyo ya kiwandani yenye kitako cha koni.

Ofseti nitaigusa tu: ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Land Cruiser 100 inakaa kwenye 60, Prado iko karibu nusu ya hapo. Ukikosea, tairi linakwaruza fenda au linachomoza nje na kumwagia wenzako tope.

Mzee pale nyuma ameuliza kuhusu spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu, za kubadilisha PCD kutoka 5x100 kwenda 114.3. Zipo, mzee wangu. Zilizochongwa vizuri, zenye stadi zake na zinazokaa kwenye habu, zinafanya kazi. Lakini gari inayobeba watu kwenda lango la Ndabaka la Serengeti, au mzigo kwenda Geita, mimi siifungii. Ni nati kumi kwa gurudumu badala ya tano, na zile tano za ndani huzioni tena.

Mama mwenye RAV4, ukishafunga, kaza kwa nyota, yaani ukiruka nati ya jirani, usizunguke mduara, na kwa spana ya kipimo: nyutoni mita 103. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, rudi ukague.

Sasa tutoke nje. Kuna Escudo mbili zimepaki chini ya mwembe, moja ya kabla ya 2005 na moja ya baada ya hapo. Zote Escudo, zote tundu tano. Moja ni 139.7, nyingine 114.3. Kijana wa mbele, vernia hiyo hapo, wewe ndiye utakayetuambia ipi ni ipi, na usiangalie namba ya gari.