Mkojo unaotoka baada ya kuondolewa prostati (tezi dume): mazungumzo na wababa wa Bukavu

Jambo yenu wababa. Jambo yenu na wamama mliowasindikiza. Nimefurahi sana kuwaona humu.

Mji huu unaijua taabu ya mkojo usiozuilika. Tangu hospitali ya Panzi ilipofunguliwa mwaka 1999, wanawake wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, wamekuwa wakifika Bukavu kutoka vijiji vya mbali ili washonwe, na mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, dunia nzima ililisikia jina letu. Mimi kazi ya kine, yaani kutibu kwa mazoezi ya mwili, niliianza kwa wamama wa namna hiyo. Nimewaona wakifika wameinamisha vichwa, na baada ya muda wanasema mbele ya wenzao: mkojo unanitoka. Baba hasemi. Kanisani anakaa karibu na mlango. Jua linawaka, yeye kavaa koti refu. Akiulizwa anasema amechoka tu. Nimekuja kuwaomba mseme, kwa sababu kwa walio wengi mkojo huu unapona, lakini unapona kwa kazi, na hiyo kazi hakuna wa kumfundisha mtu aliyejificha.

Prostati imekaa chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mkojo unazuiwa na misuli miwili. Wa kwanza uko kwenye shingo ya kibofu. Unafanya kazi bila kuagizwa, hata ukiwa usingizini. Wa pili uko chini ya prostati, na huo unatii ukiuamuru. Ni geti lenye masentineli wawili. Daktari akiondoa prostati yote kwa sababu ya kansa, anakishusha kibofu na kukishona na njia ya mkojo iliyobaki, na sentineli wa juu mara nyingi anaondoka au anaumia. Anabaki wa chini, ambaye zamani alikuwa anaitwa saa ya dharura tu. Sasa zamu zote ni zake. Ndiyo maana wengi wenu usiku mnalala wakavu, asubuhi mambo ni mazuri, na jioni pampasi imelowa. Msuli umechoka. Ndiyo maana pia mkojo unatoka ukikohoa, ukicheka, ukiinuka kwenye kiti au ukinyanyua bidoni ya maji.

Sasa roboti, maana najua mtaniuliza. Kuna ndugu zetu waliokwenda India au Afrika Kusini wakafanyiwa upasuaji wa roboti, na wakirudi jamaa wanashangaa: ilikuwa roboti, mbona bado anavuja? Roboti haikati yenyewe. Daktari amekaa pembeni, anatazama picha iliyokuzwa, na mikono yake ndiyo inayoongoza vyuma vyembamba vilivyoingizwa kwenye matundu madogo ya tumbo. Damu inayopotea ni kidogo na mgonjwa anatoka hospitalini mapema. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kwa upande wa mkojo, bei kubwa isiwadanganye. Kule Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura, wengine roboti, wengine upasuaji wa wazi. Matokeo yalitoka 2016: baada ya wiki 12 mkojo wa makundi yote mawili ulikuwa karibu sawa. Sweden nao walilinganisha, na mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa roboti au bila roboti, kama mwanaume mmoja kati ya watano alikuwa bado anavuja.

Kinachoamua zaidi ni uzoefu wa daktari mwenyewe, urefu wa njia ya mkojo aliyoweza kuiacha, umri wako na uzito wako. Na njia anayopitia pia. Milano, Italia, daktari Aldo Bocciardi alionyesha mwaka 2010 kwamba roboti inaweza kupita nyuma ya kibofu na kuacha nyuzi za mbele zinazokishikilia. Waliofanyiwa hivyo wanakauka mapema zaidi; miezi ikipita, wengine nao wanawafikia.

Tuje kwenye mazoezi, na hapa sitakimbia. Wamama mnisamehe, nitasema wazi. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi ya wanawake waliojifungua. Baadaye wanaume nao wakafundishwa, na kwa muda mrefu waliambiwa wakaze nyuma kana kwamba wanazuia upepo. Watafiti wa Australia wakatazama misuli kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya mwili, na kuona kwamba agizo unalopewa linabadilisha msuli unaofanya kazi. Ukiambiwa kaza nyuma, msuli wa haja kubwa ndio unaoitika zaidi. Ukiambiwa vuta uume uingie ndani, ufupishe, msuli wa mkojo unasogea vizuri. Basi fanya hivyo. Jifungie chumbani, simama mbele ya kioo bila nguo. Ukivuta vizuri utaona uume unarudi ndani kidogo na korodani zinapanda. Tumbo lege, matako lege, pumzi inaendelea. Hesabu mpaka tano, achilia kabisa, pumzika kiasi kilekile. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kuachilia nako ni zoezi. Nimeona wababa wanaokaza kutwa nzima wakidhani wanaharakisha, na jioni wanavuja kuliko jana.

Ukishajua kulifanya zoezi umelala, jifunze umekaa, kisha umesimama, kisha unatembea. Kabla ya kukohoa au kuinuka, vuta kwanza. Hilo la kuvuta kwanza ndilo linalookoa suruali. Aliyepangiwa operesheni aanze wiki kadhaa kabla, msuli ufundishike ukiwa mzima. Sonda, ule mpira wa kutoa mkojo, ikiwa bado imo, usifanye, subiri itolewe.

Na maji msiyaache. Mkojo mzito unakichoma kibofu na kukifanya kikimbilie choo. Kunyweni, punguzeni kahawa na bia. Mizigo mizito ngojeni kama wiki sita, na kupanda pikipiki, kwa mashimo ya barabara zetu, daktari akubali kwanza.

Mkiona mkojo unatoka kama uzi mwembamba, au mnasukuma na hautoki, pengine kovu limebana njia, na kuvuja kunatokana na kibofu kilichojaa kupita kiasi. Hilo mazoezi hayatibu. Homa na mabonge ya damu pia ni za hospitali siku hiyohiyo.

Mzee wa mbele ameuliza: na mwaka ukipita, bado? Wengi wanapata nafuu kubwa kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili. Anayebaki na pampasi kadhaa kwa siku baada ya hapo hajashindwa. Kuna bangili ya maji inayofungwa kuzunguka njia ya mkojo, na pampu yake inakaa ndani ya mfuko wa korodani. Unaibonyeza ukitaka kukojoa, kisha inajifunga yenyewe. Ni ghali, na inahitaji daktari aliyeizoea, lakini ipo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba ipo.

Mama wa pale nyuma anasema mume wake alirudi bila karatasi yoyote. Mwandikieni daktari wake, hata kwa simu. Ombeni ripoti ya upasuaji, tarehe sonda ilipotolewa, kama mishipa ya fahamu iliyo kando ya prostati ilihifadhiwa upande mmoja au pande zote mbili, matokeo ya maabara ya prostati iliyotolewa, na kipimo cha mwisho cha PSA, kile cha damu cha kufuatilia kansa ya prostati. Kisha mje nazo wote wawili, wewe na yeye.