Kipimo cha malaria kikitoka hasi: maneno machache kwa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote mnaonitazama kutoka Mikindani, Masasi, Nachingwea, Kilwa na kwingineko kusini. Nazungumza nanyi kutoka Leicester, Uingereza, ambako msimu wa homa ya mafua umeshaanza, na ninasema mapema kwa sababu Desemba wengi wetu tutapanda ndege kuja kuwasalimia, na virusi vya mafua vinaweza kusafiri pamoja nasi.

Kwetu mtu akishikwa na homa ya ghafla, kichwa kikamgonga na viungo vikamuuma, wazo la kwanza ni malaria, na ni sawa, kwa kuwa malaria ni nyingi mikoani kwetu na lazima apimwe kwanza. Shida huanza kipimo kinapotoka hasi. Wapo wanaomeza dawa ya malaria hivyo hivyo, na wapo wanaokwenda moja kwa moja duka la dawa kununua amoksilini, ilhali amoksilini huua bakteria tu na homa ya mafua huletwa na virusi. Mafua ya kawaida huanza polepole kwa kamasi na chafya. Homa ya mafua humwangusha mtu ndani ya saa chache, akatetemeka, akakohoa kikohozi kikavu na kuishiwa nguvu kabisa. Vumbi la salfa wakati wa kupuliza mikorosho nalo hukoholesha na kuwasha macho, lakini halileti homa ya namna hiyo.

Wengi hupona kwa kupumzika, kunywa vitu vya majimaji na kutumia parasetamoli. Watoto wasipewe aspirini, na tafadhali msiwafukize kwa sufuria la maji yanayochemka, kwani mtoto anaweza kuungua vibaya. Mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, au mtu mzima akiishiwa pumzi, akichanganyikiwa, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda nimonia imeingia, na hapo daktari ndiye atakayeamua kama antibiotiki inahitajika.

Sasa niwageukie wasafiri wenzangu. Mwenye virusi huanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo mtu anaweza kushuka akiwa mzima, akamkumbatia bibi yake, na kesho yake akalala na homa. Tuchanje angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Chanjo ya mwaka jana haitoshi: virusi hubadilika, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza upya aina za kuwekwa kwenye chanjo, Februari kwa kaskazini ya dunia na Septemba kwa kusini. Anayekohoa avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni, alale chumba chake madirisha yakiwa wazi, na asikaribie wazee, watoto wachanga, wajawazito, wala wenye pumu, kisukari au selimundu. Najua kwetu mgeni asiyeshika mkono wa mzee huonekana ana kiburi. Basi mzee apigiwe simu kabla, aelezwe sababu kwa heshima. Mimi naamini atafurahi kwamba amefikiriwa.

Kwenu nyumbani, chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, lakini ya nimonia imo, nayo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Inakinga dhidi ya bakteria ambao mara nyingi ndio wanaofuata nyuma ya mafua na kumzidishia mtoto ugonjwa. Mama zangu na dada zangu, itazameni kadi ya kliniki ya mtoto wiki hii, na kama kuna dozi iliyorukwa, mpelekeni kabla wageni hawajafika.