Dhamana yenye bei

Ndugu zangu, hapa kwetu Tanzania mtu akikamatwa, nyumbani huulizana: nani ataenda kumdhamini? Atatafutwa mjomba au jirani, apate barua ya serikali ya mtaa, asimame mbele ya hakimu aseme huyu namjua, atarudi. Marekani, katika majimbo mengi, hiyo ni biashara. Maduka ya dhamana yapo jirani na mahabusu, mengine hayafungwi usiku wala mchana. Unalilipa duka, kwa kawaida, asilimia 10 ya kiasi alichotaja jaji, nalo linakudhamini, na fedha hiyo hairudi hata ukishinda kesi.

Sasa mtazameni Kalief Browder. Mei 2010, huko Bronx, New York, kijana Mweusi wa miaka 16 alikamatwa akituhumiwa kuiba begi la mgongoni. Dhamana: dola 3,000. Nyumbani hazikuwapo. Akapelekwa Rikers Island, mahabusu kubwa ya jiji la New York, na baadaye hata hiyo dhamana ikaondolewa, kwa kuwa alikuwa bado chini ya uangalizi kwa kosa la nyuma. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Alikaa miaka 3, karibu miwili akiwa amefungiwa peke yake. Akaambiwa: kiri, uende nyumbani leo. Akakataa, hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Juni 2015 alijiua, akiwa na miaka 22.

Nawaomba tusimame hapo kwenye "kiri, uende nyumbani". Aliye nje anaweza kuisubiri kesi. Aliye ndani kazi inampotea, kodi ya nyumba inamlimbikia, watoto wanabaki kwa watu. Wengi hukiri ili watoke tu.

Na jaji hatamki rangi ya mtu, anataja kiasi. Lakini takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinasema kaya ya Wazungu iliyo katikati kwa utajiri ina mali ya dola 285,000. Ya Weusi, 44,900. Kiasi ni kimoja, huyu analala kwake, yule rumande. Tena wachumi waliochunguza mashauri ya Miami na Philadelphia wakakuta majaji wenyewe wanawabagua washtakiwa Weusi.

Septemba 2023 Illinois ilifuta kabisa dhamana ya fedha, jimbo la kwanza kufanya hivyo. Ubaguzi bado unaweza kujipenyeza jaji anapopima nani ni hatari. Ila sasa mwendesha mashtaka ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mtu abaki ndani, jaji anaandika sababu zake, na mahabusu anaweza kuzikatia rufaa.