Usaili wa Kampuni Kubwa: Usikae Kimya

Ndugu zangu hamjambo? Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Hapa Seattle ni saa mbili asubuhi, nyumbani najua mnaelekea kwenye magharibi. Vijana wengi wa Dar na Nairobi mnaniuliza usaili wa mhandisi wa programu ukoje huku. Nianze na ule nilioshindwa.

Msaili alinipa orodha ya namba, nitafute mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Swali dogo. Nikainama, nikaandika, robo saa nzima sikufungua mdomo. Ndivyo nilivyolelewa: mbele ya mkubwa husemi mpaka uwe na hakika. Jibu nililipata, na programu ilifanya kazi. Siku tatu baadaye ikaja barua pepe: hapana. Iliniuma sana. Nilichelewa kuelewa kwamba yule mtu alitakiwa kuandika ninavyofikiri, nami sikumpa cha kuandika.

Sasa nisikilizeni ninavyolifanya leo. Kwanza nauliza: namba zimepangwa? Zinaweza kujirudia? Halafu nasema: njia nyepesi ni kulinganisha kila namba na mwenzake, ila zikiwa 100,000, hizo ni jozi karibu bilioni 5. Hapana, nyingi mno. Tuseme jumla ni 20. Nikikutana na 13, ninayoitafuta ni 7. Basi napita orodha mara moja, kila namba naiandika pembeni, kama mwenye duka na daftari la madeni. Nikifika kwenye 13 nachungulia daftari: 7 imo? Bilioni 5 zimeshuka hadi hatua 100,000. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta, maana daftari linajaa. Na hilo liseme, tafadhali, liseme kwa sauti!

Zipo raundi nyingine: kubuni mfumo mkubwa, na maswali ya tabia kazini. Amazon, kwa mfano, wamechapisha kanuni zao 16 za uongozi. Zisome, uandae visa vyako vya kweli. Usitunge.

Na ukishaajiriwa, kazi yenyewe ni maneno vilevile. Kabla ya kuandika programu unaandika waraka, wenzako wanauchambua. Ukiwa zamu, simu inalia saa tisa usiku, mfumo umelala, watu watano wako kwenye simu wanasubiri useme unachokiona. Hata kama ni "sijui bado, naangalia rekodi za matukio kwenye seva." Kimya chako kinawatia hofu kuliko hitilafu yenyewe.

Mdogo wangu yuko Tanga anajiandaa. Kila Jumapili ananipigia, anatatua swali kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Juzi alikwama katikati. Zamani angenyamaza. Akasema, "Kaka, hapa nimekwama, ngoja nijaribu na namba tatu tu." Nikaweka simu mezani, nikapiga makofi.