Michembe, Matobolwa na Kesi ya Gunia

KABULA: Mwadila, wasikilizaji! Hapa ni Nyakato, Mwanza, saa nane mchana, bati linalia kwa jua. Mimi ni Kabula, na mwenzangu…

JUMA: [akitafuna] Juma.

KABULA: Shemeji! Hata salamu haijaisha?

JUMA: Huu ni utafiti, dada. Nimeletewa sado zima la matobolwa kutoka ukweni, unataka niyaangalie tu? Karibuni, jamani. Mimi mtu wa Tanga, nimeoa Usukumani, mwaka wa tisa sasa natunzwa vizuri.

KABULA: Leo ni michembe na matobolwa, viazi vitamu vyetu vya kukausha, na tumeanza na picha. Kuna dada anatusikiliza akiwa masomoni India. Alifika mjini Srinagar, huko Kashmir, akakuta dukani vitu vimetungwa kwenye uzi kama shanga. Duara duara, vimesinyaa, rangi ya karatasi ya zamani. Akatuuliza: "Hawa nao wana michembe?"

JUMA: Na mimi nilipoiona nilisema ndiyo, ni michembe imevalishwa mkufu.

KABULA: Kumbe ni tanipu. Kwa wasioijua, tanipu ni zao la mzizi la ukoo wa kabichi, lina ukali kidogo kama figili. Wakashmiri huikata pete, wakatunga, wakaning'iniza mpaka ikauke. Wanaiita gogji aare. Baridi yao kali ina siku 40 za kuhesabiwa kabisa, kuanzia tarehe 21 Desemba. Theluji ikifunga barabara, mboga mbichi inakuwa hadithi. Hapo ndipo wanashusha mikufu, wanailoweka kwenye maji ya moto, wanaipika na nyama ya kondoo.

JUMA: Kwa hiyo wao wanakimbia theluji, sisi tunakimbia kiangazi.

KABULA: Lakini kuna tofauti kubwa. Tanipu mbichi ni maji zaidi ya asilimia 90. Ukiikausha unabaki na kitu kidogo sana, chenye nyuzi na ladha. Ile ni mboga, inasindikiza chakula. Kiazi kitamu kina maji kama asilimia 77, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni wanga. Michembe ni chakula chenyewe. Unakula, unashika jembe.

JUMA: Sasa nieleze tofauti ya michembe na matobolwa, kwa sababu mimi tofauti hiyo nilifundishwa na jino.

KABULA: [anacheka] Haya, semea jino lako.

JUMA: Mwaka wa kwanza naenda ukweni, Kwimba. Nimekaa kwenye kigoda, nimevaa shati la kunyoosha, najifanya mstaarabu. Pembeni kuna ungo una vipande vyeupe. Siku moja kabla nilikuwa nimepewa matobolwa, nikayapenda. Nikadhani ni yale yale. Nikachukua kimoja, nikaking'ata kwa nguvu zote. Shemeji, ilikuwa kama kung'ata kigae! Gego likalia "ka!", mama mkwe akageuza uso ukutani, nikaona mabega yanatikisika.

KABULA: Kwa sababu ile ilikuwa michembe. Michembe inakaushwa ikiwa mbichi. Viazi vikitoka shambani vinaachwa siku mbili tatu vinyauke, halafu vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa. Kula mpaka uipike. Matobolwa, viazi vinachemshwa kwanza, ndipo vinakatwa na kuanikwa. Hivyo unatafuna kama biskuti, tena biskuti inayovutika.

JUMA: Na ndiyo maana ni matamu zaidi?

KABULA: Ndiyo. Kiazi kikipata moto taratibu, sehemu ya wanga wake inageuka sukari. Ukikausha baada ya hapo, maji yanaondoka, sukari inabaki imejikusanya. Usiharakishe kwa moto mkali. Bibi yangu alikuwa anafunika sufuria kwa majani ya migomba, anapunguza kuni, anakwenda zake kisimani. Akirudi, viazi vinatoa asali pembeni.

JUMA: Kwetu Tanga tuna makopa ya muhogo, kwa hiyo kukausha si kugeni kwangu. Na hapa mna udaga, nao wa muhogo. Lakini kwa nini kiazi? Kwa nini msikiache ardhini mkichimba kidogo kidogo, kama muhogo?

KABULA: Muulize fukuzi, yule mdudu. Kiangazi kikianza, Juni hivi, udongo unakauka unapasuka. Zile nyufa ndiyo mlango wa fukuzi wa viazi. Anashuka, anataga, viluwiluwi vinatoboa kiazi ndani kwa ndani. Ukikichimba Agosti unakuta kimejaa vishimo, kichungu, hata ukikichemsha hakiliki. Ndiyo maana watu wanachimba shamba zima kwa mara moja. Na viazi vikishatoka havikai. Wiki mbili tatu, vimeoza. Unabaki na jua, na jua la Julai hapa Mwanza halina mchezo.

JUMA: Na mawe.

KABULA: Na mawe! Mji huu mtu analalamika jiwe limemkalia kiwanjani. Nyumbani kwetu Magu kuna jiwe moja nyuma ya nyumba, bapa kama meza. Saa nne asubuhi huwezi kulikanyaga pekupeku. Tunalifagia kwa ufagio wa chelewa, tunamwaga maji, likikauka tunapanga michembe kipande kimoja kimoja, kisiguse kingine. Kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa kukaa chini ya mti na fimbo, kufukuza mbuzi. Jiwe linapasha kutoka chini, jua linapiga kutoka juu. Jioni unageuza. Siku tatu nne, kipande kinakunjwa kinavunjika. Kikipinda tu bila kuvunjika, bado.

JUMA: Watu wa afya watakuambia mbuzi si tatizo pekee. Vumbi je? Kuku je?

KABULA: Ni kweli, kichanja ni bora. Nguzo nne, wavu juu, hewa inapita chini. Tena kama viazi ni vya rangi ya karoti, kichanja chenye kivuli kinakuwa bora zaidi. Jiwe nalisifia kwa mapenzi, sikatai.

JUMA: Tuje kwenye lishe sasa. Maana nimesikia mtu sokoni Buhongwa anasema michembe ina virutubisho mara nne ya kiazi kibichi.

KABULA: Huyo amehesabu vizuri, akaelewa vibaya. Kilo 4 hivi za viazi vilivyomenywa zinarudi kilo moja ya michembe. Kilichoondoka ni maji. Gramu 100 za kiazi kibichi zina nishati ya kama kalori 86. Gramu 100 za michembe zinavuka 300. Lakini hakuna kitu kilichoongezeka pale juani, kimesogeleana tu. Nyuzinyuzi zipo, potasiamu ipo. Vitamini C, nyingi imekwenda na joto na hewa.

JUMA: Kwa hiyo mwenye kisukari anayetafuna matobolwa kama karanga…

KABULA: Aangalie kiganja chake. Gramu 50, yaani konzi moja, ni karibu gramu 200 za viazi. Ukiwa na viazi kwenye sahani unaviona, unashtuka. Matobolwa yanakudanganya kwa udogo.

JUMA: [anasogeza sado] Naona nimeshakula kilo moja ya viazi.

KABULA: Nimekuhesabia. Jambo la pili, protini. Michembe ina kidogo, gramu 6 hivi kwa gramu 100. Dagaa wakavu wa Mwaloni, protini ni zaidi ya nusu ya uzito wao. Kwa hiyo hakuna mzee wa Kisukuma aliyekula michembe mitupu kwa kupenda. Ni na maziwa ya mgando, ni na karanga, ni na maharage. Kumlisha mtoto michembe na chai ya rangi asubuhi mpaka jioni, hapo tumemshibisha tumbo tu.

JUMA: Na ile ya vitamini A?

KABULA: Hapa ndipo nataka tukae. Viazi vyetu vya zamani ni vyeupe au vya njano hafifu. Vyeupe havina vitamini A ya kusema. Vya rangi ya karoti, kama Kabode na Ejumula, vina betakarotini, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Inalinda macho na kinga ya mtoto. Kazi hiyo ya viazi ndiyo iliyowapa Maria Andrade, Robert Mwanga wa hapo jirani Uganda, na Jan Low Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, wakiwa pamoja na Howarth Bouis. Na hapa Misungwi tuna Ukiriguru, kituo cha utafiti ambacho wakulima wa kanda hii wanakijua kwa pamba na kwa viazi pia.

JUMA: Lakini ukivianika juani, rangi inapauka. Mimi nimeona. Si jua linakula vitamini yote?

KABULA: Linakula kiasi, si yote. Watafiti waliopima vipande vya viazi hivi Uganda walikuta kukausha kunabakiza zaidi ya nusu. Hasara kubwa ilikuja baadaye, kwenye kuhifadhi. Miezi minne kwenye joto la kawaida la chumba, kama asilimia 70 ya kilichokuwepo imekwenda. Hewa inaingia kwenye kipande kikavu na kukila polepole, hata gizani. Sisi tunagombana na jua, kumbe mwizi amelala ndani ya gunia.

JUMA: Eeh! Kwa hiyo michembe ya rangi ya karoti ya Julai, mtoto akiila Desemba…

KABULA: Amekula wanga, vitamini imebaki kidogo. Kwa hiyo mimi nyumbani nimebadilisha mpango. Ya rangi ya karoti tunaimaliza kwanza, mwezi mmoja au miwili, tena naiweka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Nyeupe ndiyo inakaa mpaka mvua. Mama hakuniunga mkono, kwake michembe ya kweli ni nyeupe, hiyo nyingine anaiita boga. Namwachia.

JUMA: Na wadudu? Sisi tuliweka michembe, tukafungua tukakuta unga.

KABULA: Dumuzi. Asili yake Amerika ya Kati, hapa nchini alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anapenda mahindi na muhogo mkavu, na michembe haimshindi. Ukiona vumbi chini ya gunia, usisubiri. Mwaga juani, pepeta, kula mapema. Lakini mimi ninayemwogopa zaidi ni kuvu. Mwaka juzi nilikuwa na safari, michembe ilikuwa haijavunjika vizuri, nikasema itamalizikia ndani. Nikafunga kiroba, nikakiweka kwenye sakafu ya saruji. Niliporudi nikafungua, harufu ikanipiga usoni. Kijani, nyeusi, imeshikana. Mama akaniambia, "Uliifunga ikiwa bado inapumua." Nilimwaga yote. Nilitaka kukwangua nipike, akanikataza, kwa sababu sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu, haikwanguliki wala haiondoki kwa kuchemsha.

JUMA: Haya, jikoni. Maana mke wangu amesema leo nisirudi bila kupata kipimo chako cha karanga.

KABULA: Michembe sado nusu, osha maji mawili kutoa vumbi. Weka kwenye sufuria, maji baridi yafunike na kuzidi vidole viwili, washa moto wa wastani. Ikilainika na maji yakibaki kidogo, mimina karanga zilizotwangwa, vikombe viwili vya chai. Koroga kwa upole isivurugike. Chumvi kidogo. Punguza moto mpaka ule mchuzi ushike kwenye mwiko. Sukari usiweke, utaniudhi.

JUMA: Mimi niliweka tui la nazi.

KABULA: Nini?

JUMA: Badala ya karanga. Tui zito, hiliki chembe mbili.

KABULA: Shemeji, umetuharibia mji.

JUMA: Lakini betakarotini si inataka mafuta ili mwili uipokee? Tui lina mafuta!

KABULA: [kimya kidogo] Kwa hesabu hiyo uko sahihi. Karanga zina mafuta, samli ina mafuta, na tui pia. Lakini usimpelekee mama mkwe.

JUMA: Alikula. Akaomba tena.

KABULA: Basi mimi sisemi kitu. Halafu kuna unga wake pia. Unasaga michembe, unachanganya na wa mtama, unapata ugali mweusi wenye utamu kwa mbali, mzuri na sangara wa kukausha. Uji pia unatoka. Peke yake ugali unanata, mimi siupendi.

JUMA: Tumjibu dada wa Srinagar, muda unakwisha.

KABULA: Dada, wabeja sana kwa picha. Nunua mkufu mmoja wa tanipu. Loweka kwenye maji ya moto mpaka zifure, uyamwage hayo maji ndipo upike. Ukikosa nyama ya kondoo, jaribu na dengu, halafu tutumie sauti utuambie zina ladha gani.

JUMA: Na usizing'ate kavu.