Breki zinazong'ang'ania kwenye gari ya zamani iliyofufuliwa: jua presha imekwama wapi kabla hujanunua spea

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee breki zinazong'ang'ania kwenye magari ya zamani tuliyoyafufua, na nitatumia Volkswagen Beetle ya dramu nne (dramu ni lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na shuu zinalibana kwa ndani) kwasababu ndo wengi humu mnayo. Wenye Peugeot 504 na Land Rover msiondoke, kanuni ni ile ile, mtabadilisha majina ya spea tu.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Gari imetoka kupigwa rangi, bodi inang'aa, injini inaimba, mwenye nayo anatoka Mwenge anaelekea Tegeta, mwanzo freshi kabisa, foleni kidogo, akifika Lugalo anahisi gari nzito, anakanyaga mafuta haiendi, pedali ya breki imepanda juu imekuwa ngumu, harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani. Anapaki pembeni anampigia fundi. Fundi anafika baada ya nusu saa anakuta gari inasukumika kwa mkono mmoja, haoni kitu, basi anaanza kubahatisha, leo nunua will silinda zote (vile visilinda vya kwenye tairi vinavyosukuma shuu), wiki ijayo nunua masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), wiki inayofuata breki shuu, hela imeisha na gari bado inashika. Hili jambo linaniuma kweli, maana watu wanakata tamaa wanauza gari nzuri kabisa kwa bei ya kutupa.

Sasa sikilizeni, ile nusu saa ndo ushahidi. Breki inayoshika ikipata moto na kuachia ikipoa, karibu kila mara ni mafuta ya breki yamefungiwa, yamepata joto, yametanuka, hayana njia ya kurudi kwenye kikopo cha mafuta ya breki, kwahiyo yanasukuma shuu kwenye dramu, dramu inazidi joto, mafuta yanazidi kutanuka, unaona inavyojizungusha. Ile inayoshika muda wote, asubuhi gari ikiwa baridi na mchana pia, hiyo tafuta kwenye vyuma.

Kwahiyo ikishika usiiache ipoe! Tafuta sehemu tambarare, weka mawe kwenye tairi zinazobaki chini, piga jeki, zungusha tairi moja moja kwa mkono. Inashika moja au zote? Zote nne zikishika usihangaike na will silinda, haiwezekani nne zife siku moja, kosa liko juu, kwenye masta silinda au pedali. Moja tu ikishika, kosa liko kwenye tairi hiyo au hozi paipu yake, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi. Mbili za nyuma tu, anza na handibreki.

Halafu ndo kipimo ninachotaka kila mtu aondoke nacho. Chukua tairi inayoshika, chomeka mpira mwembamba kwenye nipo ya kutolea upepo (ile skrubu ndogo yenye tundu iliyo nyuma ya tairi kwenye will silinda), ncha nyingine iingie kwenye chupa, legeza nipo kidogo tu huku umekaa pembeni, usiweke uso pale maana mafuta ni ya moto. Yakiruka kwa nguvu na tairi ikaachia hapo hapo, presha ilikuwa imefungiwa. Yakidondoka taratibu na tairi bado ngumu, hamna presha, ni vyuma. Dakika moja tu na umeshajua usinunue nini.

Tuseme ilikuwa presha. Funga nipo, endesha mpaka ishike tena, safari hii nenda kwenye masta silinda, kwenye Beetle iko nyuma ya tairi ya mbele upande wa dereva, legeza paipu ya chuma pale inapotokea. Tairi zikiachia, masta silinda ndo inashikilia. Zisipoachia lakini nipo ukifungua zinaachia, basi kizuizi kiko katikati, na katikati pale mtuhumiwa wa kwanza ni hozi paipu. Hizi kwa nje zinaweza kung'aa kama mpya, kwa ndani raba imevimba au imebanduka imekuwa kama mlango wa upande mmoja, mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwenda, springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Angalia pia kama iliyofungwa haijajikunja, geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho uione inavyokaa.

Masta silinda sasa, hapa nitakaa kidogo kwasababu kwenye gari zilizofufuliwa ndo penyewe. Ndani yake kuna tundu dogo sana linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Mguu ukiwa juu, tundu linatakiwa liwe wazi ili mafuta yakitanuka yarudi. Pistoni isiporudi yote, ile raba yake inaziba tundu na mchezo umeisha. Kwanini isirudi? Kwenye Beetle, rodi inayotoka kwenye pedali inatakiwa iachane na pistoni kwa nafasi ya milimita 1, kwenye pedali unaisikia kama milimita 5 mpaka 7 za kucheza bure kabla haijaanza kugusa. Sasa wewe umekata sakafu iliyooza umechomelea mpya, ukarudisha pedali, kile kibati kinachozuia pedali isirudi sana ukakifunga popote. Kibati kile kina matundu marefu makusudi ili kisogezwe. Bonyeza pedali kwa kidole, usitumie mguu, kama hauisikii ile nafasi, legeza bolti, kisogeze, pima tena. Gharama yake sifuri. Angalia na springi ya kurudisha pedali kama ipo, na pini ya pedali kama haijajaa rangi.

Nafasi ikiwepo na bado inashika, fungua kikopo uangalie mafuta. Kuna watu wamewahi kuweka mafuta ya injini au ya pawa stiaringi mle, raba za breki zikigusana na mafuta ya aina hiyo zinavimba zinakuwa laini, zinaziba lile tundu. Chukua glasi ya maji, dondoshea matone machache ya kutoka kwenye kikopo. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yatachanganyika na maji yapotee. Ukiona duara linaelea juu linang'aa rangi rangi, pole sana ndugu yangu, raba zote za mfumo mzima zinatupwa, hozi pia, na paipu za chuma zinasafishwa kwa spiriti. Usibadilishe nusu.

Mliofunga diski mbele na mkabaki na masta silinda ya dramu, nyingi za dramu zina vali ndani inayobakiza presha kidogo kwenye paipu. Dramu inavumilia kwasababu ina springi ya kurudisha shuu, diski haina, pedi zitasugua safari nzima.

Kwa upande wa vyuma nitaenda haraka. Rangi nene kwenye bamba la nyuma pale shuu zinapoteleza, toa kwa msasa weka grisi kidogo sana ya joto kali. Springi za juu na chini zimebadilishana. Waya wa handibreki umeota kutu ndani ya mrija wake, hii sisi wa pwani tunaijua. Na lile vumbi la shuu za zamani msipulize na kompresa, zile zina asbesto, inaharibu mapafu, lowanisha ufute na kitambaa.

Msiseme gari yenyewe ya kizamani ndo maana. Beetle imechukua Safari Rally 1954, 1957 na 1962, na matope yale mnayajua. Ikishika leo, angalia kwanza kilichoguswa wakati wa kufufua.

Kuna mzee ameuliza aweke DOT 5 kwasababu DOT 4 ikimwagika inakula rangi. Ni kweli inakula, ikimwagika mwaga maji mengi hapo hapo, usifute kikavu. DOT 5 ya silikoni haili rangi, ila haichanganyiki na DOT 3 wala 4, kwahiyo ukiitaka mzee wangu toa ya zamani yote, safisha, weka raba mpya ndo ujaze. Na uwe makini dukani, chupa iliyoandikwa 5.1 sio silikoni, hiyo ni ukoo wa DOT 4 na rangi itakula vile vile.