Kwa nini binti yangu hasomi shule ya jirani

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo? Niko Belfast, Ireland ya Kaskazini, kituo cha basi, na mvua ndiyo hiyo mnaisikia. Wengi mmeniuliza: mama, mbona binti anavuka jiji kwenda sekondari wakati shule ipo hapo mtaani?

Hapa sare inataja dini. Watoto wengi wa Kikatoliki wana shule zao, wa Kiprotestanti zao. Tulipohamia, niliona mtoto wa jirani akifunga zipu ya koti mpaka kidevuni ili tai ya shule isionekane akipita mtaa wa dini ile nyingine. Miaka kumi na moja tu, na ameshajua cha kuficha! Iliniuma sana. Hata herufi H inawatenga: Wakatoliki wengi husema "heich", Waprotestanti wengi "eich".

Mimi Mlutheri. Bwenini kwetu kitanda cha juu alilala Mwislamu, cha jirani Mkatoliki, na ndoo ya maji ilikuwa moja, tunapokezana. Sikuwahi kuona kama ni jambo la ajabu mpaka nilipofika huku.

Sasa sikieni. Mwaka 1981, mapigano ya pande hizi mbili yanaendelea, mabomu yanalipuka, wafungwa wanagoma kula mpaka wanakufa, wazazi wa pande zote mbili walichoka kungoja. Wakafungua wenyewe Lagan College, sekondari ya Wakatoliki na Waprotestanti kusoma pamoja, kwenye ukumbi wa maskauti, na wanafunzi 28. Serikali haikutoa kitu mwanzoni. Walichanga na kuhangaika. Kaulimbiu wakaitoa Yohana 17: wote wawe na umoja. Leo wanafunzi wamepita elfu moja.

Na dini haijafutwa, jamani, maana najua mtauliza. Kila mtoto anabaki na kanisa lake. Kinachoangaliwa ni idadi: pande zote mbili ziwe na watoto wa kutosha, asiwepo anayejiona mgeni.

Sheria ya kuzisaidia shule hizi ipo tangu 1989, nyingine ikapitishwa 2022, lakini hata mtoto mmoja katika kumi hajafika huko. Binti yangu anasoma shule ya namna hii, na iko mbali; ndiyo maana namwamsha saa kumi na mbili.

Jumamosi rafiki yake anakuja kwetu kula pilau. Mama yake alinipigia, akauliza kwa sauti ya chini nyumba yetu iko upande gani wa ukuta, ule unaotenga mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamleta mwenyewe.